Shoga, hamira haikuhusika

Sakina, Arusha
Jumapili jioni, Julai

Shoga yangu Rehema,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, na mara zote nimecheka mpaka Baba Irene akatoka sebuleni kuuliza kuna nini. Eti chapati ya oveni niliyokuelekeza "imelala kama imefiwa"! Halafu ukanishutumu kwamba nimekuficha hamira. Sijakuficha kitu. Haina hamira, haina beking poda, haina chochote cha kuumua. Nimeona bora nikuandikie, maana wewe ukielekezwa kwa simu unaitikia "ehee, ehee" huku mayai umeshavunja.

Kabla ya mapishi nikwambie kwa nini nimeing'ang'ania hivi. Unazijua Jumapili zangu. Tuko watu sita: sisi wawili, watoto watatu, na mdogo wangu Upendo. Chapati za maji zilikuwa zinanisimamisha jikoni kuanzia saa moja na nusu. Ya kwanza inatoka, Irene kaichukua. Ya pili ya baba yake. Ya tatu Kelvin na Doreen wanagombania, mara huyu kashaomba nyingine. Mpaka nakuja kukaa, chai imepoa, na ya kwangu ni ile ya makombo ya bakulini, nene upande mmoja na upande mwingine imetoboka. Marehemu mama naye alikuwa hivyohivyo. Nikijaribu kumkumbuka asubuhi namwona mgongo tu, na moshi wa kikaango.

Hii ya oveni naimimina, nafunga mlango, naenda kuoga. Nikitoka napanga vikombe na kukaa na wenzangu. Tena yenyewe haimsubiri mtu, ikitoka tu inaanza kunywea, kwa hiyo hata Baba Irene, ambaye siku nyingine anaitwa mara nne, Jumapili anakuwa kwenye kiti kabla ya saa. Anaogopa kukosa kuiona.

Sasa twende kwenye makosa yako, maana ni mawili tu.

La kwanza ni mayai. Nilipokwambia mayai matatu nilikuwa nahesabu ya kisasa, wewe ukaweka ya kienyeji. Yale ni madogo, matatu yake hayafiki matatu ya huku, kwa hiyo mchanganyiko wako ulikuwa na unga mwingi kuliko mayai. Achana na kuhesabu. Chukua bilauri inayoonyesha ndani, vunja mayai humo, tazama yamefika wapi, piga mstari kwa peni. Yamimine bakulini. Bilauri hiyohiyo weka maziwa mpaka kwenye mstari. Ioshe, uikaushe vizuri (mimi sikuikausha, nusu ya unga ukabaki umeganda pembeni), halafu jaza unga wa ngano mpaka mstarini, usiushindilie. Sawa kwa sawa kwa sawa. Mayai matatu ya kisasa yanatoa kama mililita 150, nayo yanawatosha ninyi watatu. Chumvi robo kijiko cha chai, sukari kijiko kimoja cha chakula na usizidishe, itaungua juu kabla ndani hakujaiva. Vanila ukipenda.

Koroga unga na mayai kwanza mpaka mabuje yaishe, ndipo uongeze maziwa taratibu. Ukiwa na blenda, nusu dakika tu imekwisha. Unapata kitu chepesi, karibu sawa na cha chapati za maji, na ndiyo maana utashikwa na hamu ya kuongeza unga. Usiongeze! Kiache mezani robo saa unga unywe. Huku Arusha Julai hii hata mayai ya kabatini yana baridi ya friji, nayaloweka kwanza kwenye maji ya uvuguvugu. Kwa joto lenu la Tanga hilo halikuhusu.

Kosa la pili ndilo lililokufanyia msiba. Umemimina kwenye kikaango cha baridi. Hapana, shoga. Kikaango kinaingia oveni inapowashwa, kinakaa humo mpaka oveni ifike nyuzi 220. Jiko lako lile la gesi, kama cha kuzungushia kina namba 1 mpaka 8, weka 7. Dakika ishirini usikiguse. Halafu unakitoa, unatupia siagi vijiko viwili vya chakula, unakizungusha ipande mpaka kwenye kingo, unamimina mara moja na kukirudisha. Lazima usikie chwaaa. Kikinyamaza, jua umewahi. Siagi peke yake kwenye chuma cha moto hivyo inakuwa nyeusi haraka, ndiyo maana mimi nachanganya nusu siagi nusu samli.

Na kikaango chenyewe, tafadhali, kiwe cha chuma mpaka mkononi. Mara yangu ya kwanza nilitumia kile kizuri kisichogandisha, zawadi ya harusi, chenye mshikio wa plastiki. Dakika ya nane nyumba nzima ikanuka kama mtu kachoma ndoo. Nilipochungulia, mshikio ulikuwa umeinama chini kama sikio la mbwa. Sasa nina cha chuma kizito cha sentimita 26, nilikipata kwa jirani aliyekuwa anahama. Kwa sisi sita natumia trei ya bati ya keki na mayai sita. Wewe ukikosa vyote, sufuria ya kawaida nene inafaa, mradi isiwe na kipande chochote cha plastiki. Tawa la chapati halifai, halina ukingo wa kupandia.

Baada ya hapo, mlango usifunguliwe. Dakika 18 mpaka 20 kwa kikaango, trei inafika 25. Mimi nina oveni ya mezani yenye kioo, na watoto wanakaa sakafuni mbele yake kama wanatazama televisheni. Dakika ya tano hakuna kitu, siagi tu inachemka pembeni. Dakika ya nane ukingo unakuwa mweupe na kuanza kujikunja. Halafu ghafla upande mmoja unapanda ukuta wa kikaango, unapita ukingo, unajikunjua kwa nje kama jani la kabichi, na katikati panainuka kilima. Kelvin ndiye msemaji: "Meru hiyo! Meru hiyo!" Juma linalofuata kilima kiko upande mwingine. Haijawahi kufanana mara mbili. Iweke reli ya chini, manake yangu ilishapanda mpaka ikagusa waya wa juu ikaungua kichwa.

Kinachoinua ni maji tu. Maziwa na mayai yana maji mengi, yakikutana na chuma cha moto yanageuka mvuke, mvuke unatafuta pa kutokea, na mayai na unga vinavutika kama puto. Mayai yakishaiva, ukuta unasimama. Ukifungua mlango mapema unaingiza baridi ukuta ukiwa bado laini, ndiyo habari imekwisha. Na ikitoka lazima ishuke katikati, kwa sababu mvuke umepoa. Kunywea kule si kosa lako. Yako haikushuka, haikupanda kabisa.

Ila dakika zangu usizifuate kama msahafu. Huku tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, ndiyo maana maharage yangu yanakula gesi mpaka nakata tamaa. Hewa ya huku haigandamizi sana, chapati inavimba upesi na isipokaa vizuri inaanguka upesi, kwa hiyo nami naiongezea dakika mbili. Wewe uko usawa wa bahari. Angalia rangi: kingo ziwe kahawia ya karanga iliyokaangwa, siyo njano.

Umeuliza kuhusu umeme. Oveni yangu ni ya wati 1,800. Kuipasha na kuoka ni kama dakika arobaini, haizidi uniti moja na robo. Tatizo ni ukikatika. Wiki mbili zilizopita ulikatika dakika ya kumi na moja. Watoto wote wakageuka kunitazama kana kwamba nimezima mimi. Sikufungua mlango, nikaacha joto la ndani limalizie nusu saa nzima. Tukapata kitu kama godoro jembamba. Tulikila na maharage na hakuna aliyelalamika, ila Doreen aliniuliza kama Meru imelala.

Dada yako anayetaka kujaribu kwa mkaa, mwambie nilishajaribu, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko kama tulivyokuwa tunaoka keki zamani. Ilivimba shavu moja kama mtu mwenye jino bovu. Upande ule ulikuwa mtamu kweli. Asifunue kuchungulia, na mfuniko wenye makaa uwe umeshapata moto kabla ya kumimina.

Unajua nilidhani ni uvumbuzi wa siku hizi? Kumbe Waingereza wanayo yao ya siku nyingi, Yorkshire pudding, wanaioka kwenye mafuta ya nyama na kuila na mchuzi. Hii yetu Wamarekani wanaiita Dutch baby, na hadithi inayosimuliwa ni kwamba jina lilianzia kwenye mkahawa wa Manca's huko Seattle, miaka ya mwanzo ya karne iliyopita. Asili yake Pfannkuchen ya Kijerumani, yaani chapati ya kikaango; "Deutsch" (Kijerumani) ikageuzwa "Dutch" (ya Kiholanzi), na Uholanzi ikasifiwa bure. Nilipomsimulia Baba Irene akasema Wajerumani walijenga Boma hapa mjini, wakatutoza kodi, wakaondoka, na chapati hawakutuachia.

Mama mkwe alikuja kutoka Machame mwezi uliopita, nikataka kujionyesha. Nikaitoa imesimama, kubwa, imenyunyiziwa sukari niliyoisaga kwenye blenda. Akaitazama kwa heshima zote. Akaigusa kwa ncha ya kijiko, ikatoa pumzi, ikakaa chini. Akaniambia, "Pole, mwanangu." Kama kuku amekufa! Nikamwekea na limau na asali, akala kipande, akaongeza kingine, akafuta mikono, akaniuliza kwa upole kabisa, "Na chakula kinakuja saa ngapi?"

Nilikasirika kidogo, lakini mama wa watu alikuwa na haki. Ni hewa nyingi. Watu wazima hawashibi kwa sukari na limau. Tangu siku hiyo, ile ya Jumapili inakuja na ndizi mbivu za kukaanga na mayai ya kuchemsha pembeni, na nimeanza kuipika hata jioni ya katikati ya wiki, bila sukari, na pilipili manga na majani ya kitunguu yaliyokatwa madogomadogo. Ikitoka na kushuka inaacha bonde katikati, basi ndani ya bonde natia mchicha na nyama ya kusaga iliyobaki jana, au parachichi na kachumbari. Usichanganye mboga kwenye mchanganyiko wenyewe kabla ya kuoka, itaelemewa isinyanyuke. Baba Irene bado anaiita "kitafunwa", lakini Alhamisi iliyopita nilimkuta anakwangua trei kwa ukucha, na ugali haukuulizwa.

Jambo moja sijakwambia. Jumapili ya leo Irene, na miaka yake kumi na miwili, ameifanya mwenyewe tangu kupima mpaka kumimina. Mimi nilikuwa na kazi ya kusema "bado" tu. Alipoitoa, wote tulikuwa tumeshakaa, na yeye akaiweka mezani akakaa, akachukua kipande cha kwanza yeye mpishi, cha ukingoni, kile kikavu kinachovunjika. Hakuna aliyemwambia asubiri.

Jaribu Jumamosi hii kabla hujakata tamaa, halafu nitumie picha ikiwa bado oveni, siyo baada. Na Desemba mkija, nijazie mfuko wa machungwa ya Muheza. Ya huku nayapata, ila ya kwenu yana juisi, na juisi ya chungwa juu ya hii kitu, na siagi ikiwa bado inachemka... basi, utaona mwenyewe.

Msalimie Baba Salma, na Salma mwambie mama mkubwa anamsubiri.

Ni mimi wako,
Mama Irene

N.B. Kikaango kikitoka, funika mshikio kwa kitambaa kinene na kikae hapohapo mpaka mmalize kula. Unakisahau kwamba kilikuwa ndani ya oveni, unakishika kukisogeza. Kiganja changu cha kulia bado kina mstari.