Ugumu wa kuongoza ndege hutegemea mahali

Kwa Mhariri,

Vijana wengi hapa Kisumu wanaotamani kuongoza ndege hudhani kazi yenyewe ni kuketi mnarani na kutoa ruhusa kwa redio. Wangetazama kituo cha jeshi la Marekani cha Pituffik, kaskazini-magharibi mwa Greenland, kilichojulikana kama Thule hadi mwaka wa 2023. Kiko nyuzi 76 kaskazini mwa ikweta, ambako jua halichomozi kuanzia Novemba hadi Februari, na barabara yake ya ndege iliwahi kupakwa rangi nyeupe ili isifyonze joto na kuyeyusha ardhi iliyoganda chini yake.

Lililonivutia zaidi, nikiwa mwalimu wa jiografia, ni dira. Barabara ya kiwanja chetu ina nambari 06 na 24 kwa kuwa imeelekea takriban nyuzi 60 na 240 kwa kipimo cha dira. Pituffik, ambako sumaku ya dunia huvuta karibu wima kwenda chini, dira haitegemeki, hivyo nambari 08 na 26 hufuatwa na herufi T kuonyesha kuwa zimepimwa kwa kaskazini halisi, yaani kuelekea Ncha ya Kaskazini, si kwa dira. Mwongozaji anayesahau jambo hilo anaweza kumpotosha rubani gizani. Sisi hulalamikia dhoruba za ziwani, na ni kweli zinatisha, lakini ndege ikishindwa kutua hapa, Eldoret haiko mbali. Kule Pituffik kiwanja mbadala ni safari nyingine kabisa.

Naomba walimu wanaowashauri wanafunzi kuhusu ajira wayataje haya.

Mwalimu wa Jiografia,
Kisumu.