Mto Nile bila maji

Kirumba, Mwanza
Jumapili usiku

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi za huku ziwani. Sisi wazima, isipokuwa mimi sijalala vizuri tangu juzi, na aliyenikosesha usingizi ni yule Mbelgiji wako mwenye masharubu, mpelelezi Poirot. Hatimaye nimeiona filamu ya Death on the Nile, ile ya 2022. Najua tuliapizana kwamba hakuna kuiangalia mpaka tukutane. Nisamehe. Nilikuwa na mafua, umeme ulikuwapo, binamu yangu anayo kwenye flashi, ungefanyaje? Ilivyoniudhi, adhabu nimeshaipata. Kitabu chenyewe cha Agatha Christie ulikisoma kabla yangu, kwa hiyo nitamtaja muuaji bila kukuonea haya.

Unakumbuka ile filamu ya kwanza, ya treni, Murder on the Orient Express, tulivyoimalizia hosteli huku betri ya laptopu inakata roho? Mwisho kabisa akatokea yule askari kumwambia Poirot anatakiwa Misri, kuna mauaji yametokea Mto Nile. Ukapiga makofi mpaka jirani akagonga ukuta. Basi katika hii ya pili Poirot yuko Misri tayari, anastarehe na maharusi, na marehemu mtarajiwa bado anacheza muziki! Sasa ule mwito ulikuwa wa maiti gani? Na ni Kenneth Branagh yuleyule, anaongoza na kuigiza mwenyewe. Amesahau alichotuahidi.

Halafu inaanzia wapi? Kwenye mahandaki ya Ubelgiji, 1914, picha nyeusi na nyeupe, ili tuelezwe masharubu yalianzaje. Jamani! Bwana Msa, mpelelezi wa vitabu vya Muhammed Said Abdulla, amevuta kiko chake miaka yote ile, sikumbuki kuambiwa alikipata wapi, wala sikuwahi kuuliza. Mpelelezi namtaka kwa akili yake. Kutoka vitani tunapelekwa kilabu London, watu wanakumbatiana kwenye dansi, kisha Misri, hoteli, meli, hekalu, shampeni. Filamu ina dakika 127, na tunakaribia katikati ndipo bibi harusi, Linnet, anakutwa kitandani na risasi kichwani. Ingekuwa kibanda umiza watu wangeshaanza kudai hela zao.

Usinijibu kwamba hata ile ya zamani ya Peter Ustinov, ya 1978, inachelewa. Inachelewa, na ni ndefu kuliko hii. Lakini mle kila abiria unaoneshwa jinsi ambavyo angeweza kuua, unakaa unawapima mmoja mmoja, chai inapoa mkononi. Hapa muda wote umeliwa na mapambo. Mahojiano yenyewe, ambayo ndiyo nyama ya hadithi, yanapita mbiombio: Poirot anamkaripia mtu, anamtuhumu, mlango, mwingine aingie.

Na huo mto! Wewe wa Tanga utanicheka, lakini mimi maji haya nayaona kila asubuhi nikifagia kibaraza. Yakitoka hapa yanapita Jinja, yanashuka mpaka Misri, kwa hiyo Nile nina haki nayo kidogo. Meli na hekalu la Abu Simbel walijenga studio huko Uingereza, mandhari wakayapachika kwa kompyuta. Jua la kuzama lina rangi ya juisi ya pakiti. Wenzao wa 1978 walikwenda Misri kweli, na waigizaji wanaonekana wanatoka jasho.

Sasa mwisho. Kitabuni anayepigwa risasi akiwa karibu kumtaja muuaji ni mama mmoja, Salome. Humu Salome wamemfanya mwimbaji (Sophie Okonedo, huyo simgusi, kila akifungua mdomo nilisogea karibu na kioo), na risasi yake wamempa Bouc, yule rafiki wa Poirot wa tangu kwenye treni. Nilishtuka, sikatai. Lakini baada ya hapo Poirot anakuwa mtu wa hasira na bastola, na fumbo lenyewe linafumbuliwa kama mtu anayewahi basi. Fikiria ule mtego ulivyo mtamu: Simon, mume wa Linnet, anajifanya kapigwa risasi mguuni, damu ni rangi ya kuchorea aliyoibiwa mama yake Bouc, anakimbia kumuua mkewe, anarudi, anajipiga risasi ya kweli. Mimi nilitaka nitembezwe mle taratibu, nioneshwe kila kitu kilichopita mbele ya macho yangu nisikione. Nikapewa kwa mafungu, huku watu wanapiga kelele.

Kilichoniuma zaidi ni Jacqueline, mpenzi wa Simon aliyekula njama naye. Wewe ndiye uliyenionesha kwenye kitabu kwamba Poirot alijua ana bastola ya pili, akaacha. Tulibishana usiku mzima kama ilikuwa huruma au dhambi. Humu anamkumbatia Simon, risasi moja, wamekwisha wote wawili, palepale kwenye vurugu. Hakuna cha kubishania. Kinachofuata ni miezi sita baadaye, Poirot kilabuni London anamsikiliza Salome, masharubu kayanyoa. Eti ndiyo tulie! Wamekufa watu watano nami nitazame mdomo wa juu wa mzee.

Binamu anasema ya tatu pia anayo, ile ya Venice ya 2023. Nimemwambia akae nayo mbali nami mpaka ufike. Utakuja Pasaka au umebadili tena? Sato nitamtafuta mwenyewe pale mwaloni. Na kile kitabu changu uje nacho, nataka niisome tena ile sura ya mwisho, maana nimeanza kukubali kwamba ilikuwa huruma, na najua hutanyamaza.

Msalimie mama na watoto.

Shoga yako wa ziwani