Pini ya nywele na milango ya kwenye runinga

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ninaloliona kazini kila mara. Mimi ni fundi wa vitasa na mchonga funguo hapa Majengo, Dodoma, na huu ni mwaka wangu wa kumi na saba katika kazi hii. Katika tamthilia za runinga, mtu aliyefungiwa nje huchomoa pini ya nywele, akaitia kwenye tundu la ufunguo, akaizungusha mara mbili, na mlango ukafunguka. Watazamaji wengi wanaamini, na nalijua hilo kwa sababu wakishakwama huniita mimi.

Hivi karibuni niliitwa Nkuhungu na mwanafunzi aliyepanga chumba huko, ambaye alikuwa amesahau ufunguo ndani na kuamua kujaribu usiku, kwa mwanga wa simu, kile alichokiona kwenye runinga. Majirani walisikia mtu akichokonoa mlango, wakatoka na fimbo, na kama mama mwenye nyumba asingewahi kumtambua sijui ningemkuta katika hali gani asubuhi. Ncha ya pini ilikuwa imekatikia ndani ya silinda, ile sehemu ya kitasa inayoingizwa ufunguo na kuzunguka nao. Niliivuta taratibu kwa kipande chembamba cha msumeno wa chuma, meno yake yakielekea nje, na ilipotoka haikuzidi urefu wa punje ya mchele. Mlango ambao ningeufungua kwa robo saa ulinichukua saa nzima, na silinda ikabidi ibadilishwe kwa fedha za kijana ambaye alikuwa bado hajamaliza kulipa kodi ya chumba.

Silinda za aina hiyo zinafuata ubunifu wa Linus Yale Mdogo wa Marekani, aliyepata hataza mwaka 1861. Ukiifungua mezani utaona pini ndogo za shaba, mara nyingi tano au sita, kila moja ikiwa vipande viwili vinavyosukumwa na springi nyembamba kama ile ya kalamu ya kubonyeza. Meno ya ufunguo wake huzipanga pini zote kwa pamoja hadi maungio yake yakae sawa na ukingo wa silinda, ndipo silinda huzunguka. Bila ufunguo, lazima chombo kimoja kiikaze silinda kidogo huku kingine kikipanga pini moja baada ya nyingine. Ukikaza mno zinakwama, ukilegeza zinarudi zote. Runinga humpa mhusika pini moja ya nywele, nayo ni laini, inapinda kabla haijainua chochote. Kwa silinda kama hiyo, pini moja peke yake haifungui.

Hata mabingwa hawafanyi kazi kwa sekunde. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu ya London, fundi wa Marekani Alfred Charles Hobbs alifungua kufuli la Chubb kwa takriban dakika 25, lakini kufuli la Bramah, lililokuwa limewashinda watu kwa miaka zaidi ya 60, lilimchukua saa 51 zilizogawanywa katika siku 16. Huyo alikuwa mtu aliyejiandaa, mwenye zana alizozitengeneza kwa kazi hiyo.

Haki inanitaka niseme kwamba si kila kinachoonyeshwa ni uongo. Kadi ya plastiki inaweza kurudisha ulimi wa kitasa ulioinama upande mmoja, endapo mlango umesukumwa tu ukajifunga. Ukishauzungushia ufunguo, ule ulimi wa mraba hausogezwi na kadi yoyote. Kwa hiyo ndugu zangu, zungusheni ufunguo hata mkienda dukani tu.

Na kuna udhaifu mkubwa zaidi ambao sijawahi kuuona kwenye tamthilia. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, vyumba vya kupangisha vimejengwa kwa haraka sana, na wenye nyumba wengi hununua vitasa vya bei ya chini ambavyo ndani vina leva mbili tu, yaani vibamba vinavyoinuliwa na ufunguo. Ufunguo wa chumba kimoja hufungua cha jirani, na mwizi mwenye kile kinachoitwa mitaani funguo malaya hahitaji ufundi wowote. Nimeshakuta nyumba ya vyumba sita ambayo funguo mbili zilitosha kuifungua yote. Mpangaji akague hilo kabla hajalipa, kwa kujaribu ufunguo wake kwenye milango mingine mwenye nyumba akiwepo.

Aliyefungiwa nje amwite fundi, tena asikasirike fundi akikataa kugusa mlango kabla mjumbe au mwenye nyumba hajathibitisha kwamba anaishi hapo. Mimi nakataa, hata kama mteja analia.

Lililonifanya niandike ni kipindi kimoja cha maarifa ya nyumbani, si tamthilia, ambapo mtangazaji alifungua kufuli kwa waya. Kamera ilionyesha mkono wake, ikahamia usoni, kisha ikarudi kwenye kufuli likiwa wazi. Nawaomba waandaaji warudie jaribio hilo kwa kufuli jipya lililonunuliwa dukani siku hiyo, saa ya ukutani ionekane nyuma, na kamera isiondoke mkononi hata mara moja hadi kufuli lifunguke au mtangazaji akate tamaa.

Fundi vitasa,
Majengo, Dodoma