Kabla ya kutufundisha kuweka akiba, tuleteeni mizani

Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma tangu enzi linafika Tabora kwa treni, siku nyingine likiwa na habari za juzi, na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Ile makala yenu ya Jumamosi iliyopita, ya jinsi ya kubana matumizi ya nyumbani wakati huu maisha yamepanda, imenitoa kimya. Unaikumbuka: ile yenye picha ya mama amesimama mbele ya friji limejaa hadi mlangoni, anacheka.

Mwandishi wenu anasema familia nyingi zinaumia na bei kwa sababu hazina mipango. Nunueni kwa jumla, anasema. Nunueni gunia, acheni mambo ya kilo kilo. Mboga gandisheni. Andikeni orodha kabla ya kwenda sokoni. Mimi sina ugomvi na orodha.

Lakini kumwambia mtu wa Unyamwezi kwamba chakula kinawekwa akiba! Marehemu mama mkwe wangu hakuwahi kumiliki friji. Viazi vitamu alivikata vibichi, akavianika vikawa michembe. Vingine alivichemsha kwanza, akavikata na kuvianika vikawa matobolwa. Majani ya kunde yalianikwa yakawa nsansa. Masika yakifika na ghala linaelekea kuisha, nyumba ilikuwa inakula. Na kila mtu hapa anajua kwamba gunia la mahindi la mwezi wa saba, mavuno yakiwa yameingia, ni nafuu kuliko unga wa kilo mwezi wa pili. Hatukuhitaji Jumamosi yote kuambiwa hilo. Tatizo liko ndani ya gunia lenyewe, na huko mwandishi hakufika.

Nikupe langu. Mwaka juzi, mwezi huohuo wa saba, nilichukua sehemu ya akiba yangu ya pensheni nikanunua magunia mawili ya mahindi kwa mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini. Mimi nilikuwa karani wa mizigo wa reli hadi nilipostaafu, gunia silionei aibu. Nikaufungua mdomo wake: mahindi meupe, makavu, ukiyamwaga kiganjani yanalia. Nikamwomba bambo, kile chuma chenye mfereji cha kuchotea punje za ndani ya gunia, nichome katikati. Akakataa. "Mzee, utanitobolea mali." Wateja wengine wamesimama nyuma yangu wananiangalia kama naleta fujo. Nyumbani tuliyapanga juu ya mbao, mbali na ukuta, tukatia dawa tuliyouziwa dukani. Mwezi wa kumi mama watoto akaniita stoo. Chini ya gunia la kwanza palikuwa na vumbi jeupe, laini kama poda, limezunguka kitako chote. Ukitega sikio unasikia kabisa wadudu wanavyokereza. Tulipomwaga, juu kulikuwa na punje zilizobaki maganda, na katikati, pale pale nilipotaka kuchoma bambo, mahindi yameshikana madonge ya kijani yananuka uvundo. Yaliingia gunia mabichi, yakafunikwa na makavu. Kuku hatukuwapa, maana mahindi yaliyoota ukungu ni sumu hata kwao. Niliporudi kwa yule bwana alinijibu kwa upole sana kwamba gunia likishatoka dukani kwake ni la kwangu.

Mdudu mwenyewe ni dumuzi, na makala yenu haina dumuzi hata mahali pamoja. Katika bara zima la Afrika mdudu huyu aligunduliwa kwanza hapahapa mkoani Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980, akiwa ametokea Amerika ya Kati. Wengine wakamwita Scania, kwa jina la malori. Wazee walikuwa wanahifadhi mahindi na magunzi yake. Tukaambiwa tupukuchue, tukaushe, tutie dawa, kwa sababu dumuzi kwenye gunzi anakaa kama mwenye nyumba. Anakula mahindi, anakula makopa ya muhogo, na hata mbao za ghala anatoboa. Mkoa uliompokea mdudu huyu unafundishwa kuhifadhi nafaka na mtu ambaye hamjui!

Yapo mambo ya maana ambayo makala ingeweza kuandika, na hayana gharama. Chukua chupa kavu, weka punje za mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi: usiyanunue, na kama ni yako yarudishe kwenye turubai yakauke. Ipo pia mifuko ya kinga njaa, yenye plastiki mbili ndani na mfuko wa nje: ukiyafunga mahindi makavu barabara, wadudu wanakosa hewa wanakufa, na huhitaji dawa. Ila mfuko huo haufunguliwi kila jioni kwa ajili ya ugali wa siku. Unatoa ya wiki mbili, unafunga tena. Mtoto akishautoboa kwa msumari, kazi imekwisha. Hayo ndiyo mambo ya akiba.

Sasa nije kwenye hili la vipimo, maana ndilo linaloniuma kuliko hata dumuzi. Debe ni lita 20. Sado ni lita 4. Mtoto wa darasa la nne atakwambia debe moja ni sado tano. Nendeni na sado yenu sokoni, mkanunue debe la maharage, mkalimimine wenyewe mkiwa nyumbani, halafu mniandikie mmepata sado ngapi. Debe limepigwa nyundo kitako likaingia ndani, na mbavu zimebonyezwa hadi limekuwa na kiuno. Mfanyabiashara huyohuyo akienda kwa mkulima Uyui au Sikonge habebi debe la kiuno. Huko anabeba lumbesa, gunia limeshonewa kilemba juu, wakati gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100 na kila kiongozi anayepita anapiga marufuku lumbesa mbele ya kipaza sauti. Mkulima anaibiwa akiuza, sisi tunaibiwa tukinunua, na katikati pale mtu anajenga ghorofa. Halafu mnatuandikia kwamba hatupangi! Mama anayenunua mafuta ya kula ya kupima, kijiko kwa kijiko, anajua fika kwamba dumu la lita 20 ni nafuu. Mnadhani hajui hesabu? Mume wake analipwa kibarua jioni, na hela ya jioni inanunua mafuta ya jioni. Anailipa lita moja kwa bei kubwa kuliko mnayolipa ninyi kwa sababu anaichukua kidogo kidogo, na hata hicho kidogo anapimiwa na kikopo ambacho hakuna mkaguzi aliyewahi kukitazama. Mweleweni kwanza, ndipo mumpe ushauri.

Friji silisemi sana. Umeme ukikatika nyama haisubiri.

Wakati wangu stesheni tulikuwa na mizani ya jukwaa, mzigo unawekwa chini, uzito unaonekana, na hakuna aliyethubutu kuweka mguu pembeni. Napendekeza wahusika wa vipimo walete mizani kama ile langoni mwa soko, upande wanapoegesha bajaji, iwe na muhuri wa mwaka huu na kivuli cha bati. Asiiguse mfanyabiashara. Karani awe mstaafu, tuko wengi hapa mjini, tunashinda kwenye bao na posho yetu haizidi kikombe cha kahawa na kashata. Mnunuzi akitoka na gunia apime bure. Debe lililobonyea likikamatwa lipasuliwe kwa shoka palepale, siyo litozwe faini, maana faini wataiweka kwenye bei ya maharage.

Na wewe mhariri, mwambie mwandishi wako toleo lijalo achapishe picha ya bambo, aandike kwa herufi kubwa: anayekataa gunia lake lichomwe katikati, usimpe hela.

Karani mstaafu,
Isevya, Tabora