Risala ya klabu ya sanaa kwa mgeni rasmi, siku ya maonyesho ya mradi wa ndege

Ndugu mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu wetu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu, karibuni sana. Tunaomba mtuvumilie kidogo maana risala yetu haianzi na historia ya klabu, inaanza na goti la njiwa.

Siku ya kwanza ya mradi mwalimu wetu wa sanaa alisema kila mtu achore ndege, basi, hakuongeza neno. Tukachora. Dakika 10 zikaisha na karibu kila karatasi ina ndege yuleyule, kichwa duara, mdomo wa pembetatu, mabawa kama herufi V na miguu ya vijiti inayokunja goti kwa mbele kama sisi. Mwalimu hakugomba, alikusanya akafungia kabatini alafu akatutoa nje tukae kimya dakika 20 tuwaangalie njiwa walioko juu ya paa, na penseli tuziache darasani. Hiyo ya kuacha penseli ilituuma kweli, lakini ndo siku tulipoona kwamba njiwa akitembea mguu wake unakunjika kwa nyuma! Tukabishana mpaka tukaishia kwa mwalimu wa baiolojia, akatwambia kile mnachokiona sio goti, ni kifundo cha mguu, goti lenyewe liko juu limefichwa na manyoya na ndege anatembea kwa vidole siku zote. Akatusimamisha wote kwa ncha za vidole hapohapo mlangoni ili tuelewe. Toka siku hiyo hamna aliyechora tena mguu wa vijiti, na sheria ya klabu ikawa kuangalia kwanza, kuchora baadae.

Sheria ya pili ni kwamba hatumshiki ndege wala hatugusi kiota. Tulisoma habari za Audubon, yule mchoraji wa Marekani wa miaka ya 1800 aliyechora ndege kwa ukubwa wao halisi kwenye karatasi za karibu mita 1, na shingo ya flamingo ikawa haienei kwahiyo akamchora ameinamisha kichwa mpaka chini. Hilo la kuinamisha shingo tumelichukua, mtaliona kwenye korongo wetu. Ila yeye aliwapiga risasi ndege wake alafu anawasimamisha kwa waya ndo achore, na hilo tumelikataa kabisa, bora aruke na mchoro ubaki nusu. Ndo maana ukutani mtakuta skechi nyingi zenye jicho na mgongo tu. Tumezitundika makusudi, zile ndizo tunazozipenda kuliko zote.

Kitu kilichotufundisha zaidi ni unyoya mmoja tuliouokota chini ya mti. Ukiupasua kwa kidole katikati unaachia mwanya, ukiupapasa kuelekea nchani unajifunga wenyewe kama zipu, maana kila uzi wa unyoya una vijiuzi vidogo vyenye vindoano vinavyoshikana. Na ule mshipa wa kati haukai katikati, upande mmoja ni mwembamba mwingine mpana, ule mwembamba ndo unaotangulia kukata upepo. Hapo tukaelewa kwanini bawa letu la kwanza la maboksi lilikua baya, tulikata manyoya yote sawa tukayapanga kama mbao za uzio, likapinda likaanguka usiku, asubuhi tukalikuta sakafuni limekunjamana. La pili tulianza na mifupa. Bawa ni mkono jamani, lina bega, kiwiko na kiganja kama wetu, na kwenye ndege wengi yale manyoya marefu ya nchani ni 9 au 10 na yameshikwa na mifupa ya kiganja na vidole, yanayofuata yameshikwa na mfupa wa kati ya kiwiko na kiganja. Tukakunja waya ukafuata hivyohivyo, kila unyoya ukalalia mwenzake, na safari hii halikuanguka.

Rangi nayo ilitusumbua wiki nzima. Tulichanganya buluu ya mdiria, yule ndege mvuvi, mara nyingi na kila ikikauka inakua imekufa, mpaka tukajifunza kwamba kwenye unyoya wa buluu hamna rangi ya buluu kabisa, ni namna unyoya ulivyoumbwa ndani unavyorudisha mwanga, ukiusaga unakua kahawia tu. Kwahiyo tukapaka kwanza nyeusi chini alafu buluu nyepesi juu yake, ikaamka. Kwa shingo ya chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, tukakata CD mbovu vipande vidogo sana, ukisogea hatua moja inakua kijani, ukisogea tena zambarau.

Kulikua na ugomvi pia. Mwenzetu mmoja alileta waya mmoja tu uliopinda, hauna bawa, hauna mguu, akasema ni ndege anapaa, na wengi tukasema hapana. Mwalimu akatusimulia kwamba mwaka 1926 sanamu ya ndege iliyotengenezwa na mchongaji Brancusi, shaba iliyong'arishwa ndefu nyembamba isiyo na kichwa wala bawa, ilifika New York na watu wa forodha wakasema hii sio sanaa, wakaiweka kundi moja na vyombo vya jikoni na vifaa vya hospitali na kuitoza ushuru wa asilimia 40. Kesi ikaenda mahakamani na mwaka 1928 jaji akaamua kwamba ni sanaa. Waya wa mwenzetu uko pale dirishani na tulimuomba radhi.

Ndugu mgeni rasmi, maombi yetu ni machache. Tunaomba nusu saa ya asubuhi mara moja kwa wiki, maana ndege hawasubiri kengele ya mchana. Tunaomba kipindi cha sanaa kisichukuliwe mitihani ikikaribia. Darubini hata mbili zitatusaidia sana. Na la moyoni kabisa ni vioo. Mwezi uliopita ndege mdogo aliona anga kwenye kioo cha maktaba akagonga, tulimkuta chini bado wa moto. Tumeshapaka vidoa kwenye kioo hicho kwa nje, kila kidoa sentimita 5 kutoka kwa mwenzake ili ndege asione njia ya kupita, na tunaomba ruhusa na rangi tumalizie madirisha yote.

Sasa tunakuomba usogee mpaka chini ya bawa. Kuna kamba nyembamba upande wa kulia, ukiivuta taratibu kiwiko kinakunjuka na yale manyoya 10 yanafunguka moja baada ya jingine. Hatujamruhusu mtu aivute toka jana, tulikua tunakusubiri wewe.

Ahsante sana.
Ni sisi wanafunzi wa klabu ya sanaa.