Mliandika mafuriko ya Assam, mkaacha ardhi inayoliwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Mliweka picha ya kijiji cha Assam, India, nyumba zimezungukwa na maji, chini mkaandika watu wale wamepoteza kila kitu kwa mafuriko. Mwaka 2019 nilikua nasoma India, na mwenzangu wa chuo alinichukua likizo ya mwezi wa 7 nikakaa kwao karibu wiki 3, kisiwa cha Majuli, katikati ya mto Brahmaputra. Nyumba za vile nazijua. Zile zimejengwa hivo makusudi.

Wale ni watu wa kabila la Mising. Nyumba wanaiita chang ghar, imesimama juu ya nguzo, sakafu ni mianzi iliyopasuliwa, chini yake ndo wanakaa nguruwe na kuku, kuni, na mtambo wa mama wa kufumia nguo, maji yakipanda vyote vinapandishwa juu, mtumbwi unafungwa kwenye ngazi na maisha yanaendelea. Asubuhi wakati jiko halijawaka tulikua tunakula komal saul, huo ni mchele uliochemshwa na kukaushwa kabla, unauloweka tu kwenye maji unalainika, unaweka mtindi na sukari guru (wao wanasema gur, nilivosikia nilicheka kwa furaha maana neno nalijua toka nyumbani). Kuna mpunga mwingine unaitwa bao, maji yakipanda nao unarefuka unayafuata. Watu wa namna hii maji hayawashtui.

Mimi kwetu Rufiji, babu alikua na dungu shambani, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, na alilima mlau, yaani maji yakishuka unapanda kwenye tope jipya. Kwahiyo niliwaelewa haraka sana, kule pia maji yakiondoka yanaacha udongo, majira yao ya baridi yakifika wanapanda haradali, mashamba yanakua njano.

Sasa Mhariri kinachowaumiza ni kingine, ni ardhi kumeguka, na hicho hamkukiandika hata mstari mmoja. Baba mwenye nyumba alinipeleka ukingoni jioni moja akanyoosha mkono katikati ya mto kabisa akasema pale ndo ilikua shule niliyosoma. Maji matupu! Yeye kahamisha nyumba mara 4, anafungua mianzi anabeba anajenga mbele, na mto unamfuata. Usiku unasikia kishindo cha ukingo kuanguka, na kila mtu ndani ananyamaza kwanza.

Wazee wanaanzia hesabu kwenye tetemeko la tarehe 15 Agosti 1950, kubwa mno, ukubwa wa 8.6, milima ikaporomoka, mchanga ukajaa mtoni, mto ukakosa kina ukaanza kutafuna pembeni. Zamani kisiwa kinatajwa kua na kilomita za mraba zaidi ya 1,200, leo haijabaki hata nusu. Na mwaka 2016 ndo kikafanywa wilaya kamili, cha kwanza kwa visiwa vya mto India nzima.

Hapo ndo tofauti ilipo na naomba waandishi wenu waishike. Aliyefurikiwa maji yakishuka shamba lake lipo, tena limepata rutuba. Aliyeliwa ardhi kabaki na karatasi ya kiwanja kilichoko chini ya mto, na wengi wao nimewakuta wamejibanza juu ya tuta la kuzuia maji, vibanda vya turubai, sio wiki moja, ni miaka. Huyo ukimpelekea mchele na blanketi umemsaidia leo tu. Akiumwa sana usiku asubiri pantoni ya asubuhi, karibu saa nzima mpaka Nimati, bandari ya ng'ambo, ndo apate gari ya kwenda mji wa Jorhat, maana nilipokua kule daraja hakuna.

Nasema kwa uchungu kwasababu na sisi April 2024 Rufiji na Kibiti tulizama, na nikasikia maneno yaleyale, wahamishwe bondeni, kama ilivyofanyika mwaka 1968. Hakuna aliyeuliza wazee kwanini walijenga madungu. Mtume mwandishi Mohoro, huku kwetu Rufiji, akakae na wazee siku mbili tatu, aulize maji yanafika wapi na ukingo gani unameguka, ni vitu viwili na wao wanavijua kwa majina.

Msomaji wenu,
Utete, Rufiji