Vitabu vya Kikristo vimemsahau bibi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nieleze jambo linalonikera tangu nilipostaafu ualimu miaka sita iliyopita, nalo ni uhaba wa vitabu vya Kikristo vya Kiswahili vilivyoandikwa kumtia moyo mwanamke aliyefikisha miaka 60, umri ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inauhesabu kuwa mwanzo wa uzee, na ambao Paulo naye alimtajia Timotheo alipoagiza wajane waandikwe katika orodha ya kanisa. Katika maduka ya vitabu vya dini ninayoyafahamu hapa Mwanza kuna rafu nzima ya nasaha kwa mabinti wanaotarajia kuolewa, kuna rafu ya malezi ya watoto, na karibu na mlango, vikiwa vimeshafungwa utepe, kuna vile vya kupeleka kicheni pati. Ukiuliza cha bibi, muuzaji hufikiri kidogo, kisha hukuletea kitabu cha nyimbo chenye maandishi makubwa au kijitabu cha kuwafariji wafiwa, kana kwamba mwanamke akifika umri huo kilichobaki ni kuimba na kufiwa.

Mimi ni Mwanglikana, na kila Alhamisi alasiri tunakutana wanawake kumi na wawili chini ya mwembe ulio nyuma ya kanisa letu, wengi wetu wajane, watatu tu tukiwa na miwani ya kusomea. Mwaka jana mmoja wetu aliletewa na mwanawe kitabu kuhusu uzee kilichotafsiriwa kutoka lugha ya nje, nami nikapewa kazi ya kukisoma kwa sauti. Mwandishi alimshauri msomaji ambaye watoto wake wamekwisha kuondoka nyumbani autumie ukimya wa nyumba yake kwa sala, na ikiwezekana asafiri na mumewe kuona mahali ambapo hawakupata kufika walipokuwa vijana. Nilipofika hapo, mwenzetu anayelea wajukuu saba alinikatiza: "Mwalimu, hebu rudia hapo. Huo ukimya uko nyumba ya nani?" Tulicheka mpaka tukatoa machozi, lakini kitabu kile hatukukimaliza. Simlaumu mwandishi, kwa sababu aliwaandikia majirani zake na pengine walifaidika sana. Ninachouliza ni kwa nini sisi tutafsiriwe nyumba tulivu za watu wengine, wakati nyumba zetu, zilizojaa watoto ambao wazazi wao wamefariki au wako mijini wakitafuta maisha, hazijaandikwa na mtu.

Ajabu ni kwamba Biblia yenyewe imeziandika. Naomi aliporudi Bethlehemu akiwa amezika mume na wana wawili, aliwaambia wanawake wa mji wasimwite tena Naomi, wamwite Mara, kwa kuwa Mungu amemtenda mambo machungu, na hakuna mahali katika kitabu kile anapokemewa kwa kusema hivyo. Mwishoni anamtwaa mtoto wa Ruthu mkwewe, anamweka kifuani, anakuwa mlezi wake, na majirani wanasema Naomi amezaliwa mwana. Nimesikia mahubiri mengi juu ya Ruthu na jinsi alivyompata Boazi, hasa katika ibada za ndoa, ila sikumbuki hata moja juu ya bibi aliyeanza kulea upya akiwa bado na uchungu wa misiba mitatu. Ndivyo ilivyo pia kwa Ana binti Fanueli, mjane wa miaka 84, ambaye Luka anatuambia alizitangaza habari za mtoto Yesu kwa wote waliokuwa wakiungojea ukombozi wa Yerusalemu: tunamsifu kwa kufunga na kusali, tunasahau kwamba alisema.

Niliona heri nijaribu mwenyewe. Niliandika kurasa 60 za tafakari fupi, kila moja ikianza na jambo nililoliona kwa macho yangu: mgongo unaouma wakati wa palizi ya pamba, mjukuu anayekataa shule, shemeji anayekuja kupima shamba la marehemu hata matanga hayajaanuliwa. Nikazipeleka kwa mchapishaji mmoja. Kijana aliyenipokea aliniamkia vizuri, akanipa kiti, akasoma kurasa kadhaa mbele yangu, kisha akasema, "Mama, umeandika vizuri sana, ila wazee hawanunui vitabu. Ukizigeuza ziwe nasaha za bibi kwa maharusi, zitatoka." Nilimshukuru, nikapanda basi la kurudi Magu.

Njiani nilitafakari kwamba kijana yule hakulitoa wazo lake hewani. Paulo anamwagiza Tito kwamba wanawake wazee wawafundishe walio vijana. Katika fasihi yetu ya Kiswahili, Mwana Kupona binti Mshamu, Mwislamu wa pwani, alimtungia bintiye utenzi wa wosia mwaka 1858, akiwa mgonjwa. Hata umoja wetu wa akina mama wa Kianglikana ulianzishwa Uingereza mwaka 1876 na Mary Sumner, ambaye wakati huo bintiye alikuwa amejifungua, maana yake mwanzilishi wetu alikuwa bibi, naye nia yake ilikuwa kuwasaidia mama vijana. Basi mwanamke mzee anajulikana kuwa mwalimu, na mimi siukatai ualimu, nimeufanya kwa miaka 38. Lakini katika miaka yote hiyo sikupata kuingia darasani bila kiongozi cha mwalimu, na ndiyo sababu nauliza huyu bibi anayetakiwa kufundisha wengine, yeye mwenyewe asome nini.

Kuhusu dai kwamba wazee hawasomi, namwomba kila mchapishaji akumbuke mwaka 1970, ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Nilikuwa na miaka 12, na usiku nilimshikia mama yangu koroboi akifuata maandishi kwa ncha ya kijiti. Vitabu alivyosoma vilikuwa vyembamba, vyenye herufi kubwa na sentensi fupi, navyo vilizungumzia mambo aliyokuwa ametoka kuyafanya mchana uleule. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, vikundi vikakaa kuzunguka redio, kitabu mkononi. Wanawake waliokuwa vijana katika madarasa yale ndio bibi wa leo. Ikiwa nchi changa na maskini iliweza kumchapia mkulima kitabu kinachomfaa, basi makanisa, ambayo kwa miongo mingi yamechapa vitabu vya Kiswahili Ndanda, Peramiho na Dodoma, yanaweza kutoa kijitabu cha kurasa 64 chenye herufi za pointi 16, ambacho bibi asiyeona vizuri atasomewa na mjukuu wa darasa la nne bila mtoto kukwama.

Kuna jambo moja ambalo nisingependa waandishi wa vitabu hivyo walikwepe. Huku kwetu Usukumani wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na dalili inayotajwa ni macho mekundu, wakati kila aliyewahi kuingia jikoni kwao anajua kuwa macho hayo ni ya moshi wa mabua na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, ambavyo wamevipikia miaka nenda rudi kwa kuwa kuni zimeadimika. Mwenzetu mmoja wa Alhamisi huja amevaa miwani ya jua hata siku za mawingu. Tulidhani ni urembo, tukawa tunamtania, mpaka siku alipotueleza. Mwanamke kama huyo ukimpa kitabu kinachomwambia tu kwamba uzee ni baraka na mvi ni taji, utakuwa umemnyamazisha. Anastahili kitabu kinachotamka wazi kwamba uongo uliosemwa juu yake ni dhambi ya waliousema, kinachomkumbusha mchungaji wake kwamba kumlinda ni sehemu ya kazi yake, na, kwa kuwa mara nyingine nyuma ya tuhuma ya uchawi kuna shamba linalotamaniwa, kinachomweleza kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Sioni kwa nini sala na sheria zisikae katika ukurasa mmoja. Nawe, Mhariri, nisamehe nikigusia kwamba magazeti yetu, yanaporipoti mauaji hayo, hutuita "vikongwe". Nimefundisha sarufi muda mrefu, na ingawa najua kuwa vijana na viongozi nao wamo katika ngeli hiyo, sijapendezwa kujikuta humo pamoja na viti na vikombe.

Tangu Februari tumeanza wenyewe. Kila Alhamisi mmoja wetu anasimulia, mimi naandika katika kaunta buku, kisha namsomea ili arekebishe. Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya yule mwenye wajukuu saba. Alisema hana saa ya faragha kama vitabu vinavyoelekeza. Yeye husali anapowasha moto saa kumi na moja alfajiri, akitaja jina la mjukuu mmoja kwa kila bua analolisukuma kati ya mafiga, na likibaki bua la nane hujitaja mwenyewe. Nilipomsomea, alinitaka nifute neno moja tu, nilipokuwa nimeandika "husali kwa utulivu".

Kaunta buku imefika katikati. Mchapishaji atakayeihitaji ataikuta kwangu, ila maharusi hawamo.

Mwalimu mstaafu,
Magu, Mwanza